Toyota Raum yenye nyenzo ya mkono: mlango mzuri, breki ya kuegesha inayokera

Matangazo ya Toyota Raum yanapenda picha moja: milango ya kushoto iko wazi yote miwili, katikati hakuna nguzo, na imebaki nafasi ya kama mita moja na nusu. Mlango wa mbele unafunguka hadi nyuzi 90, wa nyuma unateleza, na nguzo yenyewe imejengwa ndani ya milango. Mtumiaji wa kitimwendo akiiona picha hiyo anahisi gari lake limepatikana. Lakini mlango huo ni wa abiria. Dereva wa huku kwetu anakaa kulia, na upande wa kulia Raum lina nguzo kama gari jingine lolote.

Hapa tunalipima Raum kwa dereva asiyetumia miguu, anayeendesha kwa nyenzo ya mkono, yaani fito inayosukuma pedeli za breki na mafuta kwa mkono. Tunaanza na mlango kwa sababu watu wengi hununua gari hili kwa sababu isiyo sahihi. Sababu sahihi ipo. Raum la kizazi cha pili, lililotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2011 (chesisi NCZ20, na NCZ25 kwa lile linalovuta magurudumu yote manne), lina mlango wa nyuma wa kuteleza upande wa kulia pia. Kwa anayeingia na kuondoka peke yake, mlango huo ndio wenye thamani. Kwenye IST au Vitz, mlango wa nyuma ukifunguliwa unakula nafasi ambayo kitimwendo kinaihitaji, kwa hiyo unabaki kusukuma kiti mbele na nyuma ukiwa umeshakaa kwenye siti. Mlango wa kuteleza unaondoka njiani. Unahamia kwenye siti ya dereva, unakunja kiti, unainua vigurudumu vya mbele juu ya kizingiti, kisha unakivuta kuingia nyuma ya siti yako. Funga mkanda wa begi wa sentimita 60 hivi kwenye kishikio cha ndani cha mlango huo ili uweze kuuvuta ufunge bila kujipinda mgongo. Gari likiwa limeinua pua mlimani, mlango unakuwa mzito kuvuta, na usiposikia umejifunga sawasawa, usiondoke.

Toyota Porte, ambalo wauzaji hulisifia kwa lugha ileile, halikufai kama unaendesha mwenyewe na hutembei. Lile la kwanza, la 2004 hadi 2012, lina mlango mmoja tu upande wa dereva. Nyuma yake ni bodi tupu, kwa hiyo kitimwendo hakina pa kupita. Lile la 2012 hadi 2020, pamoja na pacha wake Spade, liliongezewa mlango wa nyuma kulia, ila ni wa bawaba. Kama unaendeshwa na ndugu, hesabu inageuka: Porte linakuwa bora kuliko Raum, kwa kuwa mlango wake mkubwa wa umeme uko upande wa ukingo wa barabara.

Kabla ya kulipa, beba futi. Pima urefu wa kitimwendo chako kutoka chini hadi juu ya mto ukiwa umeukalia, kisha pima siti ya gari kutoka chini hadi pale makalio yatakapotua, mtu akiwa amekaa. Tofauti ya sentimita tano hadi nane mabega mengi huimudu. Ikizidi hapo utahitaji ubao wa kuhamia, na ubao wa sentimita 70 unahitaji mahali pa kukaa ndani ya gari. Halafu pima pengo kati ya kingo ya siti na tairi la kitimwendo kikiwa kimesogezwa karibu kadiri inavyowezekana. Pengo hilo ndilo linaloangusha watu, kuliko tofauti ya urefu.

Injini ni 1NZ-FE ya sisi 1,496, ileile ya IST la 1.5 na Probox. Vipuri vyake vipo Gerezani jijini Dar es Salaam, vipo Nairobi, vipo hata mjini ambako hujui fundi hata mmoja. Ina cheni badala ya mkanda wa taimingi. Hatuna zaidi ya kusema hapo, kwa maana ndiyo sehemu ya gari isiyosumbua.

Gia ya Raum iko kwenye usukani, sakafu ni tambarare, na unaweza kujivuta kutoka siti ya abiria hadi ya dereva. Hapo ndipo ule mlango mkubwa wa kushoto unapolipa. Ukiwa umeegesha kando ya barabara yenye daladala na bodaboda, unaingilia upande wa watembea kwa miguu badala ya kukaa kwenye kitimwendo katikati ya njia. Inachosha, na inahitaji mikono yenye nguvu, lakini ni salama zaidi.

Sasa nyenzo yenyewe. Tunaiita nyenzo ya mkono kwa makusudi, kwa sababu ukimwambia fundi "breki ya mkono" atakwenda moja kwa moja kwenye breki ya kuegesha, na siku nzima itapotea. Ziko za aina tatu utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni ya Kijapani, inayosimama sakafuni kushoto kwa dereva. Sukuma mbele ni breki, vuta nyuma ni mafuta. Mara nyingi kichwani ina swichi ya indiketa, honi, na kitufe cha kuikamata breki ukiwa umesimama mlimani. Honda wanatengeneza ya kwao, Techmatic, tangu 1976, na Toyota wana magari yao ya Welcab, yanayotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa hiyo gari lililotoka mnadani Japani likiwa na kifaa tayari si muujiza. Likipatikana, lichukue hata kama rangi huipendi. Nyenzo ya kiwandani imefungwa kwenye sakafu mahali palipokusudiwa, na pini zake zina vipimo.

Ya pili inafungwa chini ya usukani. Breki ni kusukuma kuelekea dashibodi. Mafuta ni ama kuvuta, ama kuzungusha mpini, ama kuushusha kuelekea pajani. Kwenye katalogi hiyo ya kushusha pajani inaonekana ya starehe kuliko zote, maana uzito wa mkono wenyewe unatosha kutia mafuta. Kwenye lami laini ni kweli. Kwenye rasta za barabarani ni balaa: gari linatetemeka, mkono unaruka, na kila ukiruka unaongeza mafuta hatua chache kabla ya tuta. Kwa barabara zetu tunapendekeza ya kuvuta. Ya kuzungusha inafaa vidole vyenye nguvu tu. Kama jeraha la uti wa mgongo limegusa shingo na vidole havishiki vizuri, iache.

Ya tatu ni fito mbili za alumini zinazobanwa kwenye pedeli kwa skrubu, bila kufungwa popote kwenye gari, na zinauzwa mtandaoni kama za kusafiria. Zina kazi moja: kusogeza gari uani. Kibano kinateleza kwenye mkono wa pedeli siku unayokanyaga breki kwa nguvu zote, yaani siku unayoihitaji. Usizifunge kwenye gari la kila siku.

Kuna ya nne isiyo kwenye katalogi, nayo ni ya fundi wa kuchomelea: bomba la maji, nondo ya milimita 10, na kulehemu moja kwa moja kwenye mkono wa pedeli. Fundi mzuri wa vyuma anaweza kutengeneza nyenzo nzuri kwa kufuata mfano, lakini masharti hayapungui. Pedeli haichomelewi. Joto linabadilisha chuma chake, na ufa unaanzia pembeni mwa weldi ambako huuoni. Kiungo kwenye pedeli kiwe kibano cha vipande viwili chenye boliti mbili, na kitoboe alama ndogo kwenye pedeli ili kisizunguke. Boliti ziwe za daraja la 8.8 (namba hiyo imechongwa kichwani, boliti isiyo na namba irudishe dukani), nati ziwe zile zenye plastiki ndani, na zikifunguliwa mara moja zisirudishwe. M8 inakazwa nyutoni mita 25, M10 karibu 50. Kama kuna kuchomelea popote ndani ya gari, betri ifunguliwe kwanza, kwa ajili ya eabegi na kompyuta ya injini.

Boliti za sakafuni ndizo zinazodanganya. Fundi anafunga juu ya kapeti, anakaza, nyenzo inasimama imara kama mti. Baada ya mwezi kapeti imejibana, na boliti ileile sasa inacheza. Kapeti ikatwe kufuata umbo la bamba la chini la nyenzo, na chini ya bodi iwekwe sahani ya chuma ya milimita 3 au zaidi ili mzigo usivute bati peke yake. Kisha pakae rangi na silikoni, la sivyo maji ya mvua na chumvi ya pwani vitaingia kwenye tundu hilo na sakafu itaoza kutoka chini.

Kifaa kikishafungwa, usikipokee kwa kuendesha raundi moja gereji. Injini ikiwa imezimwa, sukuma nyenzo mara tano hadi pedeli iwe ngumu. Ikaze kwa nguvu zako zote: hakuna kinachopaswa kupinda, na bamba lisinyanyuke. Ukiendelea kuikaza, washa injini. Pedeli inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, busta ya breki au bomba lake la hewa lina tatizo, na mtu anayefunga breki kwa mkono mmoja hana nguvu ya ziada ya kufidia kama aliye na mguu. Halafu jaribio ambalo mafundi wengi hawalifanyi: gari likiwa limesimama na magurudumu yamewekewa jiwe, fundi afungue skrubu ya kutolea hewa ya gurudumu moja huku wewe unasukuma polepole. Pedeli itazama kuliko kawaida. Nyenzo yako inatakiwa iifuate hadi mwisho bila kugonga dashibodi wala goti lako. Ikigonga, siku upande mmoja wa breki utakapovuja, utakuwa unasukuma plastiki. Baada ya hapo hewa itolewe na mafuta ya breki yaongezwe.

Angalia pia mafuta yanarudi. Vuta hadi mwisho, achia ghafla: nyenzo irudi yenyewe, na haraka. Sukuma breki huku umevuta mafuta kidogo: mafuta yaachie kabla breki haijashika. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto na kirungu chake (kishikio kinachofungwa juu ya usukani ili uuzungushe kwa mkono mmoja) kikiwa mahali pake, na nyenzo imesukumwa. Visigusane na visikubane vidole. Kwa kuwa mkono wa kushoto uko kwenye nyenzo, kirungu cha usukani kinakaa mahali pa mshale wa saa saba au saa nane mchana, kwa mkono wa kulia. Kumbuka Raum lina usukani wenye umbo la yai, kwa hiyo kibano cha kirungu kilichotengenezewa usukani wa duara kijaribiwe kabla ya kununuliwa. Na chuma chochote kisipite mbele ya eabegi.

Halafu breki ya kuegesha, aibu ya gari hili. Ni ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Waliolibuni walitaka sakafu iwe wazi, wakaipeleka chini, na mtu asiyetumia miguu hawezi kuifikia. Wengi wanaishi kwa gia ya P, ile ya kuegesha, peke yake. Kwenye uwanja tambarare inapita. Mlimani, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi, utasikia "ko!" unapotoa P, na hicho ndicho kinachochakaa. Kile kitufe cha kukamata breki kwenye nyenzo nacho si mbadala wa kuegesha: taa za breki zinabaki zinawaka na kumaliza betri, na shinikizo linaweza kushuka polepole. Ufumbuzi unaofanya kazi ni fito ya pili, fupi, yenye kibano kwenye pedeli ya kuegesha na mpini unaofika pembeni mwa goti. Mibonyezo ya kufunga na kufungua ijaribiwe mara ishirini kabla fundi hajalipwa. Tungekata nyota nzima kwa hili kama tungekuwa tunatoa nyota.

Bamba la kuzuia miguu ni kitu kidogo kinachookoa maisha. Miguu yenye mshtuko wa misuli inaweza kuruka na kukanyaga mafuta, au kisigino kikaingia chini ya pedeli ya breki na breki isishuke. Bamba likae mbele ya pedeli, likiwa la kuchomoa kwa mkono, maana siku ya sevisi fundi ataliendesha gari kwa miguu. Mwonye pia juu ya nyenzo: goti lake likiigusa, gari linaondoka. Atoe bamba, asifungue fito. Fundi akishafungua fito na kuirudisha kwa haraka, pini moja hubaki bila kipini chake cha kuzuia, nayo huchukua siku chache tu kudondoka.

Matunzo si magumu, ila hayasubiri sevisi ya kilomita 5,000. Kila wiki shika mpini kwa vidole viwili na uutikise: ukisogea zaidi ya sentimita moja kabla pedeli haijaanza kusogea, bushi zimelika au kibano kimelegea. Kila mwezi mtu aingize kichwa chini ya dashibodi na tochi, aguse kila pini na kila kipini. Paka rangi ya kucha mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Hiyo ni njia ya gharama ndogo kuliko zote, na inaonekana hata na mtu asiyejua ufundi. Viungo vyenye tufe la chuma vifutwe kwa kitambaa kikavu na vipate mafuta mepesi. Grisi nzito iache, inakusanya vumbi na vumbi hilo linageuka msasa. Waosha magari wazuiwe kupuliza maji ya presha eneo la pedeli: yanaingia kwenye swichi ya taa za breki na kwenye waya za kichwa cha nyenzo. Waya hizo hukatika pale zinapopindia kila siku, ndani ya ganda lake, kwa hiyo indiketa inafanya kazi ukivuta na inakufa ukisukuma. Badilisha kipande chote cha waya kwa waya laini wenye nyuzi nyingi. Kuunga kwa gundi ni kuahirisha. Kapeti za mpira za juu zinazoteleza zitolewe kabisa upande wa dereva.

Joto halizungumzwi vya kutosha. Mwenye jeraha la juu la uti wa mgongo hatoki jasho ipasavyo chini ya jeraha, na Dar mwezi wa Februari gari lililoegeshwa juani ni tanuru. Kwake AC ni kifaa cha matibabu, na gesi yake ikaguliwe kabla ya msimu wa joto. Kipande cha chuma cha mkanda wa usalama na kichwa cha nyenzo, kama ni cha chuma kitupu, vinaunguza ngozi isiyohisi. Vifunike kwa kitambaa. Siti ya Raum ni ngumu kiasi kwa safari ya Dar hadi Morogoro, kilomita 190 na ushei. Mto wa kuzuia vidonda uwekwe kwenye siti, kisha vipimo vyote vya urefu uvirudie ukiwa juu yake, kwa maana goti limepanda na nyenzo haijapanda.

Kuhusu ushuru, Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 linatoa msamaha kwa gari moja lililoundwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Maombi na uthibitisho wa daktari vitangulie, gari lifuate. Kuanza kufuatilia karatasi wakati gari limeshashushwa bandarini ni kulipa gharama za kuhifadhi. Kenya haipokei magari yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo Raum huko ni la kununua lililokwishaingia, na macho ya mnunuzi yawe kwenye kutu. Kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi kwamba gari limefungwa nyenzo. Bila maandishi hayo, wana sababu ya kugoma siku ya ajali.

Kifaa cha kuzimia moto na pembetatu visikae buti. Buti kwako ni kama nchi nyingine. Mtungi ufungwe mbele ya siti ya abiria, mkono ufike bila kufungua mkanda. Pampu ya hewa ya volti 12 ikae karibu nao, na dawa ya kuziba pancha, ambayo inasaidia tundu la msumari tu. Tairi likichanika ubavuni haina kazi. Ndani ya kisanduku cha dashibodi weka pini mbili za akiba za saizi ya nyenzo yako, vipini vyake, na spana namba 12 na 13. Utakayemsimamisha njiani atakuwa na nguvu na nia njema, ila pini ya saizi hiyo hatakuwa nayo.